Mikono Isiyo na Nyuso

Simu yangu ilifia Kibondo, mchana kweupe, mezani kwa fundi, nami nimesimama naitazama. Fundi akaipuliza, akaitikisa, akaigonga kwenye paja lake, kisha akaniambia bila haya, "Mama, hii ya kwenu ilikuwa na roho nyepesi." Wallahi nilitamani kumtia kofi. Lakini kilichonitia kiwewe hakikuwa fundi wala simu. Kulikuwa na mtu niliyekuwa nampata kupitia simu ile, na njia ya kumpata ilikuwa hiyo moja tu.

Ulikuwa mwaka 2013. Nilikuwa nimeolewa Mombasa nikaletwa Kibondo, nchi ya watu, kwa mabasi ya kuunganisha mpaka nikasahau nimepanda mangapi. Mume wangu alizaliwa hukohuko, ila asili yao ni watu wa Tanga. Babu yake alifuata biashara ya nguo, biashara ikampandisha milima ya Kigoma, akaona pazuri, akakaa. Duka lao lilikuwa karibu na soko: vitenge, kanga, ndoo, betri, sabuni za mche. Mimi nikapewa chumba nyuma ya duka na ua wenye mgomba mmoja. Baridi nilikuwa naijua kwa kusikia. Kule asubuhi unapumua ukaona moshi unatoka kinywani mwako, na watu wanakusalimu "mwakeye" huku wanapiga makofi taratibu, salamu ndefu isiyokwisha, wewe umesimama hujui mikono uiweke wapi. Walikuwa wema. Walinicheka, lakini kwa wema.

Ile simu niliinunua Mombasa kwa bei ya chini kwa sababu ilikuwa imefungwa, haikubali laini yoyote ila ya kampuni iliyoiuza. Kwetu hilo halikuwa neno. Nani alijua nitaolewa mbali? Nilipofika Kibondo laini yangu ya Kenya haikushika hata kidogo, na laini ya huku simu ikaikataa katakata. Ndipo nikampelekea fundi aifungue. Akaifungua hadi roho.

Sasa huyo mtu. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, niliyemlea mgongoni mwangu mama akienda kuuza vitafunio. Miezi michache kabla ya harusi yangu alikwenda Arabuni kufanya kazi za nyumbani, kama walivyokwenda wasichana wengi wa mtaa wetu. Huko hakuruhusiwa kuwa na laini. Alichokuwa nacho ni simu tupu, na mtandao wa nyumba ya matajiri wake, anaouiba wenyewe wakitoka au wakilala. Hivyo kumpigia hapigiki. Ukimtaka, ni kumwandikia kwenye ule mtandao wa buluu ambao siku zile kila mtu alikuwa nao, unaoweka picha na marafiki. Na wote aliokuwa akiwaandikia, aliwaandikia uongo. "Niko poa, alhamdulillahi, chakula tele." Mama ana presha, hakutaka kumuua. Ukweli alinipa mimi peke yangu, na kwa matone.

Tone la mwisho nililipata Mombasa, mizigo yangu ikiwa imekwisha fungwa. Aliandika: "Dada, nyumba hii si nzuri. Ukifika kwako nitakueleza yote, sasa nasikia viatu." Nasikia viatu! Maneno hayo niliyabeba safari nzima. Nikifika, nilijiambia, nitafungua tu simu nijue. Nikafika, simu ikafa.

Woga una namna yake ya kukaa mwilini. Nilikuwa napika maharage naunguza, napima kitenge nakosea, mteja ananiambia "mama, umenipa zaidi," mimi sipo. Nilikuwa nawaza viatu.

Mume wangu alikuwa na simu ndogo ya vitufe, ya aina inayoweza kuingia mtandaoni kwa kujikongoja. Mwanzoni alinicheka. "Mtandao ni ugali?" akasema. Nilipomweleza habari za viatu hakucheka tena. Akanipa simu. Tukagundua kwamba ndani ya duka mtandao haukamatiki, lakini nyuma ya ua, ukisimama karibu na tangi la maji na kuelekeza uso upande wa barabara ya Kakonko, unaingia. Basi mkewe mpya akawa wa kusimama nje kwenye ukungu ameinua mkono juu. Wapita njia walinitazama. Najua waliyoyasema.

Nikaandika jina langu, nikaandika neno langu la siri. Mtandao ukafikiri, ukafikiri, kisha ukaniletea maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka natokwa jasho. Kwamba kuna mtu anajaribu kuingia kwenye ukurasa wangu kutoka nchi ya kigeni, na kwa usalama wangu wameufunga. Mtu huyo ni mimi! Ati nithibitishe mimi ni mimi, kwa kutambua marafiki zangu kwenye picha. Na simu ile ya vitufe, picha hizo haikuweza kuzifungua. Ilionyesha vijisanduku vyeupe tu.

Nikasema haya, la kuvunda halina ubani, nitafungua ukurasa mwingine. Nikafungua, jina lilelile. Nikamwomba mdogo wangu urafiki. Kimya. Nikamwomba tena. Akanikataa. Nilijua sababu, na sababu ilikuwa mimi mwenyewe. Kabla hajapanda ndege nilimkalisha kitandani nikamtia maneno sikioni: wakala ni waongo, watu wa huko wana hila, usimkubali mtu usiyemjua, na akija mtu na jina langu kwenye ukurasa mpya, usimkubali kabisa, huyo ni mwizi. Alikuwa ananitii. Nikasimama kwenye tangi la maji nikilia.

Kibondo siku zile hapakuwa na mahali pa kompyuta za watu wote, au kama palikuwapo, mimi sikupajua. Magari meupe ya mashirika, na mtandao wa kueleweka uliofuatana nayo, yalikuja baadaye, 2015, kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa Warundi. Wakati wangu, kompyuta ilikuwa Kasulu. Na kati ya Kibondo na Kasulu kulikuwa na barabara.

Barabara ile watu waliiogopa, na haukuwa woga wa kuambizana. Kulikuwa na majambazi wa bunduki wanaotokea kwenye pori, na mabasi yalikuwa yanangojana ili yafuatane, askari mwenye silaha amekaa mbele. Juu ya hayo, mwaka ule serikali ilikuwa inasaka watu wasio na vibali, vizuizi kila mahali. Kibali changu mimi kilikuwa bado kinashughulikiwa. Mume wangu akasema, "Ngoja nikienda Kigoma mjini kuleta mali, nitakununulia simu kubwa." Utakwenda lini? Mwezi ujao, inshallah. Nikamwambia, "Mwezi ujao nitakuwa nimerukwa na akili, na utakuwa umeoa mwendawazimu." Mwishowe akasema nisiende peke yangu.

Nilikwenda na jirani yetu. Alikuwa mama wa makamo, Mkristo, anauza muhogo mkavu na mawese, mzaliwa wa Burundi aliyekimbilia Tanzania akiwa mtoto na sasa ni raia, ana kitambulisho chake. Binti yake alikuwa ameolewa Kasulu, alitaka kumwona mjukuu. Alinipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu, alisema, alijua sura ya mtu aliyefika jana.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito. Tulikaa kwenye basi tukingoja basi jingine lifike ili tufuatane. Mwanamke mmoja alikuwa anahesabu rozari. Mimi nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni na nyingine nikazitunga. Tulipoanza mwendo kila kichaka nilikiona kina mtu.

Jambazi hatukumwona. Tulikutana na kizuizi. Afisa akapanda, akawa anamwambia kila mtu aseme anatoka wapi, huku anasikiliza ulimi. Alipofika kwetu akamwuliza jirani yangu. "Natoka Kibondo," akajibu, kwa ile sauti yao ya kupanda na kushuka. "Kibondo ipi? Shuka." Kisha akanigeukia mimi. Nikasema, "Natoka hapo dukani kwetu, baba, naenda Kasulu mara moja, alasiri narudi." Akatabasamu! "Huyu wa Pwani," akamwambia mwenzake, akapita.

Mgeni nikabaki nimekaa kwenye kiti, raia akashushwa. Niliwaona dirishani wakigeuza kitambulisho chake mbele nyuma, mbele nyuma, na yeye amesimama ameweka mikono pamoja. Nilitaka kusema kitu. Mdomo haukufunguka, kwa sababu nikiufungua watauliza pasi yangu, na pasi ikitazamwa nitashushwa, na nikishushwa kompyuta sitaiona. Mwishowe wakamwachia. Akarudi, akaketi, akapangusa vumbi kwenye kitenge chake. "Haya," akasema. Hakunitazama kwa ubaya. Nilimshika mkono hadi Kasulu.

Mahali penyewe palikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta chache zimepangwa ukutani, jenereta inanguruma nje kwa sababu umeme wa mji ulikuwa umekatika. Mwenyewe alikuwa mwanamume mnene aliyevaa kofia ya sufu. Akatuambia jenereta anaizima alasiri, mafuta ni ghali, kwa hiyo tufanye haraka. Jirani yangu alikataa kwenda kwa binti yake kwanza. Akavuta kiti akaketi kando yangu, ingawa kusoma hajui. "Nitakaa," akasema.

Nikaingia. Picha zikafunguka, moja moja, kutoka juu kwenda chini. Na hapo, Mtume wangu, nikaona balaa.

Inabidi nieleze. Sisi wanawake wa kwetu siku zile uso hatuuweki mtandaoni. Baba atasema, kaka atasema, mume atasema, na hata wasiposema kuna kijicho. Tunachoweka ni mkono wenye hina. Mguu wenye hina. Ua. Mtoto wa watu. Mwigizaji wa filamu za Kihindi. Marafiki zangu karibu wote, nilionao tangu madrasa, hawakuwa na nyuso. Sasa mtandao unaniwekea picha tatu za mtu mmoja, chini majina sita, unaniuliza: huyu ni nani? Nami natazama vidole.

Mwenye duka akapita nyuma yangu, akainama, akasoma. "Mama, hawa marafiki zako ni mikono mitupu?" Akaangua kicheko mpaka kofia ikamteleza. Jirani yangu akamtazama kwa jicho moja tu, mwanamume akarudi kwenye kiti chake.

Ile mara ya kwanza nilichagua kwa pupa. Ua la waridi jekundu, nikasema huyu fulani anapenda waridi. Sivyo. Mguu wa bibi harusi, nikabahatisha. Sivyo. Mtandao ukafunga ukaniambia nijaribu tena baada ya saa nzima. Nikamwuliza mwenye duka, "Jenereta utazima saa ngapi?" Akasema, "Nimekwambia, alasiri." Sikujua kama saa yao na alasiri yake zitapishana au zitagongana. Nikikosea mara ya pili, nimesafiri bure kwenye barabara ile, na nitarudi nayo.

Tulikaa. Jirani yangu akanunua ndizi za kuchoma, sikuweza kula. Akaniuliza, "Huyu mdogo wako, ana miaka mingapi?" Nikamwambia ni binti wa kuolewa. "Aa, basi ni mtu mzima," akasema. Nikamjibu kwa ukali kwamba kwangu mimi si mtu mzima.

Saa ilipotimia, nikafungua tena, na safari hii nikajilazimisha kutulia. Nikaacha kutazama hina, nikatazama mikono. Nilikaa na mikono hii maisha yangu yote. Imenisuka, imenipiga, imeniosha mgongo. Huyu kucha yake ya kidole cha mwisho ilibanwa na mlango. Huyu pete ya bibi yake. Huyu anachorwa piko nyeusi nzito nzito kwa sababu dada yake anayemchora hana subira. Moja baada ya moja zikapita.

Kisha zikaja picha za mwisho. Ya kwanza, miguu miwili yenye hina kwenye mkeka wetu wa ukili. Nilimjua kabla haijamaliza kufunguka. Ni yeye, mdogo wangu. Ya pili, kikuba cha asumini juu ya mto. Yeye. Ya tatu sikuwahi kuiona. Alikuwa mwanamke amekaa sakafuni kwenye vigae vyeupe, amepigwa picha na mtu mwingine, kuanzia shingoni kwenda chini. Mbele yake sinia la wali. Ameshika tonge kwa mkono wa kushoto.

Wa kushoto!

Kwetu mtoto akijaribu kula kwa mkono wa kushoto anachapwa kofi kabla hajajua kuzungumza. Mimi mwenyewe nilimchapa. Hawezi kula kwa mkono huo hata kwa mzaha. Mkono wenyewe ungekataa. Nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. Mkono wa kulia haukuonekana. Ulikuwa chini ya mtandio, na mtandio pale ulikuwa umetuna, kama umefunika kitu kilichofungwa kitambaa.

Mtandao ulikuwa bado unaniuliza, huyu ni nani. Mkono wangu haukutaka kubonyeza. Niliona kama nikibonyeza jina lake nitakuwa nimekubali kwamba ni kweli. Jirani yangu akanigusa bega. "Bonyeza, mwanangu," akasema, bila kujua naambiwa nini pale. Nikabonyeza. Mlango ukafunguka.

Kwanza nikaona ile picha upya, safari hii na maneno yake. Ameandika: "Ijumaa njema, karibuni wali." Chini yake mabinamu na mashoga zake wote wa mtaani wamejaa. "Mkono wa kushoto, bibi? Ndiyo ustaarabu wa Arabuni huo?" "Ameshakuwa mzungu huyo!" "Tutakusemea kwa mama yako." Vicheko juu ya vicheko. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza wa kulia uko wapi. Waliona adabu imepotea, basi. Alikuwa amewapigia kelele mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ukamgombeza.

Halafu nikafungua barua zake kwangu. Zilikuwa nyingi. Pasi yake ya kusafiria wameificha. Analala jikoni. Mama mwenye nyumba alimrushia mafuta ya kukaangia kwa sababu ya shati lililoungua akilipiga pasi, yakampata mkono wa kulia tangu kiganja mpaka kiwiko, na daktari hakupelekwa. Nikawa nasoma huku nimeziba mdomo kwa buibui ili nisipige ukelele kwenye duka la watu.

Barua ya mwisho nilikuwa naijua kwa moyo kabla sijafika nyumbani, na mpaka leo naijua. "Dada, nyumba ya pili kuna dereva, anasema ni mtu wa Tanga. Ameniona mkono. Anasema Ijumaa yoyote wenyewe wakienda kwa bibi yao, nitoke mlango wa nyuma, atanipeleka ubalozini. Simjui. Hata jina lake silijui vizuri. Wewe unajua watu. Niende nisiende? Sitatoka bila neno lako. Nakungoja."

Niliisoma kwa sauti, kwa ajili ya jirani yangu. Nje jenereta ilikuwa imeanza kukohoa. Mama yule akasema, "Mimi mpaka wa Burundi nilivushwa nikiwa mgongoni kwa mtu nisiyemjua. Mpaka leo simjui." Nikamwambia hiyo ilikuwa vita, mama, wakati wa vita watu ni wengine. Akasema, "Ego," yaani ndiyo, kwa namna ambayo hujui amekubali au amekuachia.

Mwenye duka akapaza sauti kwamba anazima. Nikaweka vidole kwenye vitufe. Nilimwona yule dereva, nilimwona kabisa, ana ndevu, ana gari lenye vioo vyeusi. Nilimwona mdogo wangu anaingia ndani ya gari hilo na mkono wake uliofungwa, mlango unafungwa, na hapatikani tena milele, si kwa mtandao wala kwa maiti. Nyumba ile ilikuwa mbaya, lakini nilijua ilipo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikaandika: "Niko hapa mdogo wangu, simu yangu ilikufa. Usiende. Usitoke na mtu usiyemjua. Vumilia, mimi na shemeji yako tutafanya mpango." Nikabonyeza. Ikaondoka. Kioo kikawa cheusi.

Sikumbuki sana safari ya kurudi. Tulilala kwa binti yake, tukaondoka asubuhi na mabasi yaliyofuatana. Kwenye kizuizi safari hii walikuwa wanakunywa chai, hawakutusimamisha. Nakumbuka nilikuwa najirudia maneno niliyoandika, najiambia nimefanya sawa, dada mkubwa angefanya nini tena?

Ukurasa wangu ulikuwa umefunguka sasa, kwa hiyo simu ya mume wangu iliweza kuleta barua, maneno matupu bila picha. Akanipa simu yake moja kwa moja, yeye akabaki hana. Wateja wake wa Kakonko walikuwa wanakuja mpaka mlangoni kulalamika hapatikani, anawaambia imeharibika. Kutwa nilikuwa kwenye tangi la maji. Alfajiri kabla ya sala nilikuwa kwenye tangi la maji. Mvua ikinyesha nilijifunika gunia. Mume wangu alikwisha anza kuuliza watu wa Kigoma mjini nani anamjua mtu ubalozini, akaambiwa njoo kesho, njoo kesho.

Ijumaa moja ikapita. Nilikaa siku nzima nikiwaza kwamba wenyewe wametoka, mlango wa nyuma uko wazi, na yeye amekaa chini kwa sababu nimemwambia akae. Sikujua niombe nini. Nikiomba asitoke, nilimwona na mafuta. Nikiomba atoke, nilimwona dereva. Nikawa nasema tu, ya Rabbi, unajua.

Barua ilifika asubuhi ya kawaida. Mume wangu alikuwa anafungua milango ya duka, jirani yetu anaanika muhogo wake upande wa pili wa uzio, na mimi nimesimama mahali pangu na mkono juu. Ikaingia yote kwa mara moja.

"Dada, niko kwenye nyumba ya ubalozi, tuko wengi, wote ni wa kwetu. Nilitoka na yule dereva Ijumaa ile kabla hujaniandikia. Nilichoka kungoja. Ni mzee, ana wajukuu, njia nzima alikuwa ananiambia nisilie. Daktari wa hapa amesema ningekaa wiki nyingine mkono ungekatwa, au ningekufa nao. Leo wamenipa simu nimesoma jibu lako. Namshukuru Mungu lilichelewa."

Mume wangu akaja mbio, maana nilikuwa nimekaa kwenye matope. Akachukua simu akasoma. "Alhamdulillahi!" akapiga kelele, akamwita jirani, mama yule akaja anapiga makofi yale yao, na wote wawili wakawa wanacheka na kulia. Mimi niliwatazama, nikiwaza kwamba jibu langu lingewahi, angelitii. Hakuwahi kunikatalia neno, mtoto yule, tangu azaliwe.